Kuandaa nyumba ya kuuza Kigoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yamelenga nyumba za Kigoma mjini, Ujiji na vitongoji vyake, kuanzia Gungu na Mwanga hadi Bangwe na Katonga. Aliyeko Kasulu au Tabora atayatumia vilevile, isipokuwa pale tunapozungumzia ziwa.

## Kabla ya kuanza

Kuandaa nyumba ya kuuza ni nini hasa? Si kupiga rangi tu?

Rangi imo, lakini si mwanzo wala si mwisho. Kuandaa nyumba ni kuondoa kila kitu kinachompa mnunuzi shaka, kisha kumwonyesha nafasi aliyo nayo. Mnunuzi akiona doa la maji darini, hata kama ni dogo, kichwani anaanza kupiga hesabu ya bati zote, kenchi na siku za fundi. Hesabu hiyo anaikata kwenye bei yako. Pengine tatizo lilikuwa msumari mmoja uliopoteza mpira wake.

Ulaya na Marekani kuna watu wanaolipwa kuleta fenicha za kukodi na kupamba nyumba kwa wiki chache. Mnunuzi wa Kigoma habebwi na mito ya sofa. Anafungua bomba, anatazama dari, anazunguka nyuma ya nyumba kuona maji ya mvua yanaelekea wapi, kisha anaulizia hati. Pesa yako nayo iende huko kwanza.

Bajeti yangu ni ndogo. Nianzie wapi?

Anza na maji yanayoingia mahali pasipotakiwa: paa linalovuja, ukuta wenye unyevu, mfereji ulioziba. Baada ya hapo choo na bafu. Kisha maji ya bomba na umeme vifanye kazi bila visingizio. Halafu usafi na kupunguza vitu, ambako karibu hakuna gharama zaidi ya jasho. Rangi inafuata, na fenicha ni ya mwisho.

Kosa linaloonekana sana ni kwenda kinyume: mtu ananunua mapazia mapya na zulia, huku choo kikitoa harufu hadi ukumbini.

Nitahitaji muda gani?

Kwa nyumba ya vyumba vitatu yenye kasoro za kawaida, panga wiki tatu hadi nne. Kinachochelewesha si mikono ya mafundi, ni kukauka. Lipu mpya inapendekezwa ikae kama siku 28 kabla ya kupigwa rangi, na ukuta uliokuwa na unyevu unaweza kuchukua muda zaidi. Ukilazimisha, rangi itavimba malengelenge na kubanduka wakati wanunuzi wanaendelea kuja.

Niuze kiangazi au wakati wa mvua?

Matengenezo yafanye kiangazi, kati ya Mei na Septemba, maana mvua huanza kushika Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kuuza ni jambo jingine. Nyumba yenye paa zima na mifereji mizuri inajitetea yenyewe mvua ikinyesha, na mnunuzi makini wa Kigoma anapenda kuiona katika hali hiyo. Kama eneo lako lina njia ya matope ambayo gari halipandi masika, uza kiangazi, lakini akiuliza kuhusu njia mwambie ukweli.

## Nje ya nyumba

Ukuta wa nje umejaa wekundu wa udongo kwa chini. Nipige rangi upya?

Rangi peke yake itadumu hadi mvua ya kwanza. Wekundu huo unatokana na matone ya paa yanayopiga udongo mtupu na kuurusha ukutani, hivyo shughulika na ardhi kabla ya ukuta.

Dawa ya kudumu ni kumwaga zege kuzunguka nyumba, upana wa sentimita 60 hadi 90 na unene wa sentimita 8 hadi 10, kwa uwiano wa saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4. Upande wa nje uwe chini kuliko wa ukutani kwa sentimita 2 au 3 ili maji yatoke. Acha mkato kila baada ya mita 2 au 3, la sivyo zege litajipasua lenyewe mahali linapotaka. Zege likikushinda, tandaza kokoto upana huohuo. Hazipendezi kama zege, lakini matone hayarushi tena tope.

Baada ya hapo osha ukuta kwa brashi na sabuni ya unga, uache ukauke, kisha upige rangi ya maji ya nje. Sehemu ya chini, kama sentimita 60 kutoka ardhini, weka mkanda wa rangi ya kahawia au kijivu kizito. Nyeupe hadi chini ni kujitafutia kazi ya kuosha kila wiki.

Kiwanja kiko mteremkoni na mvua imechimba korongo. Je, kitauzika?

Kitauzika. Sehemu kubwa ya mji huu imejengwa kwenye miteremko. Ila korongo lililo wazi linatisha kuliko kitu kingine chochote uani, kwa sababu mnunuzi anaona msingi wake unaelekea huko.

Tafuta maji yanakotoka kwanza. Mara nyingi ni paa lisilo na gata, au mfereji wa jirani wa juu unaomwagikia kwako. Yakusanye juu ya nyumba, uyapitishe pembeni kwa mfereji uliojengwa kwa mawe na saruji hadi kwenye mtaro wa barabara. Korongo lenyewe lijazwe kwa tabaka za udongo zinazoshindiliwa kila sentimita 15 au 20, si kumwaga lori zima la kifusi na kusawazisha juu. Kisha panda majani.

Kama kuna ukuta wa kuzuia udongo, kagua matundu ya kutolea maji chini yake. Yakiziba, maji hujikusanya nyuma na kuusukuma ukuta. Ukuta ulioanza kuinama usiupige lipu ili upendeze. Mwite fundi mwenye uzoefu wa kuta za mawe, na mnunuzi umwambie umefanya nini.

Mchikichi na mwembe nikate ili uwanja uonekane?

Usikate. Kivuli na matunda ni sehemu ya bei. Punguza matawi yabaki mita 2 hadi 3 kutoka kwenye bati, ondoa makuti makavu ya mchikichi na maembe yaliyooza chini. Mti ukate tu kama mizizi yake imeshaanza kupasua ukuta au shimo la maji taka.

Bati lina kutu. Nipake rangi au nibadilishe?

Kutu ya juujuu isiyotoboa: sugua kwa brashi ya waya, futa vumbi, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya bati mara mbili. Fanya asubuhi. Bati la saa saba mchana lina joto linalokausha rangi kabla haijashika, na matokeo yake inabanduka kama maganda.

Bati lililotoboka libadilishwe, hata kama ni moja. Kagua na misumari pia: inatakiwa ipigwe kwenye mgongo wa bati, si bondeni maji yanakopita, na kila mmoja uwe na mpira. Msumari wa bondeni ung'oe, tundu uzibe kwa lami ya kuzibia bati, kisha upige mwingine mgongoni.

## Ndani: ukuta, dari na wadudu

Rangi gani inauza, na ninunue kiasi gani?

Krimu au nyeupe isiyokali, moja kwa nyumba nzima. Zambarau ya chumba cha mtoto na kijani cha sebuleni ni vya kwenu. Mnunuzi anaviona kama kazi inayomsubiri. Rangi moja pia inapunguza mabaki ya makopo, na nyumba inaonekana kubwa kidogo.

Hesabu yake ni hivi. Chumba cha mita 3.5 kwa 3.5, chenye ukuta wa mita 2.8, kina mita za mraba 39. Toa 4 za mlango na dirisha, zinabaki 35. Mara mbili ni 70. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kama mita za mraba 10 kwenye lipu laini, kwa hiyo chumba kinakula lita 7, na ndoo ya lita 20 inakaribia kumaliza vyumba vitatu. Lipu ya kukwaruza inakula zaidi.

Fundi akikwambia ndoo moja inatosha nyumba nzima, ujue anapanga kuongeza maji. Rangi iliyozidishwa maji unaitambua ikikauka: ukipitisha kiganja, kinatoka na unga mweupe. Mnunuzi akiegemea ukuta na shati jeusi, mazungumzo ya bei yanaanza hapo.

Chini ya ukuta kuna chumvi nyeupe na rangi inabanduka. Nifanye nini?

Hiyo ni dalili ya maji yanayopanda kutoka ardhini. Kwenye miteremko yetu sababu ya kwanza huwa ni udongo wa nyuma ya nyumba ulioporomoka na kurundikana hadi juu ya usawa wa sakafu. Chimba uushushe ubaki angalau sentimita 15 chini ya sakafu, na upeleke maji pembeni kama ilivyoelezwa kwenye swali la korongo.

Ndani, bandua rangi iliyovimba na upanguse chumvi kwa brashi kavu. Usiioshe, maana maji huiyeyusha na kuirudisha ukutani. Fungua madirisha, subiri wiki kadhaa, kisha tumia rangi ya maji. Watu wengi hukimbilia rangi ya mafuta wakidhani itazuia unyevu. Inaufungia ndani, na baada ya muda ukuta unavimba vibaya kuliko mwanzo.

Nimepiga rangi dari mara mbili na doa la maji linarudi. Kwa nini?

Kwa sababu rangi ya maji huliyeyusha doa na kulivuta juu. Ziba uvujaji kwanza. Ili kuupata, panda darini mchana jua likiwa kali na taa zikiwa zimezimwa: kila tundu la bati litaonekana kama nyota. Dari ikishakauka, paka doa peke yake rangi ya mafuta ya kwanza (praima), iache ikauke usiku mzima, ndipo upige rangi ya maji dari yote. Ukipiga kwenye doa tu utaacha kiraka kinachoonekana kutoka mlangoni. Jipsamu iliyolegea na kushuka haifai kupigwa rangi. Kata kipande uweke kingine.

Kuna popo darini na harufu haivumiliki.

Subiri jioni uone wanatokea wapi. Wanapita kwenye uwazi wa sentimita moja na nusu hivi, hasa bati linapokutana na ukuta. Ziba kote uache tundu moja, na hapo ning'iniza kipande cha wavu juu ya tundu, kikiwa kimefungwa juu na pembeni, chini kikiwa wazi: wanatoka, lakini kurudi hawawezi. Baada ya siku chache za kimya, funga kabisa. Kama kuna vitoto ambavyo haviruki, ahirisha. Ukiwafungia ndani watafia humo, na harufu ya popo utaikumbuka kwa wema.

Kinyesi usikifagie kikiwa kikavu, vumbi lake linaweza kuumiza mapafu. Vaa barakoa, nyunyiza maji, kusanya kwenye mifuko. Kama ubao wa dari umeshalowa mkojo wao, badilisha.

Miimo ya milango ina njia za mchwa. Nipake rangi juu yake?

Hapana. Bomoa kipande cha njia hiyo ya udongo uangalie kesho yake. Ikiwa imejengwa upya, mchwa wapo kazini. Gonga mbao kwa mpini wa bisibisi. Panapotoa sauti ya uwazi pameliwa, na mwimo huo ubadilishwe. Chimba mfereji wa sentimita 30 kandokando ya msingi, mimina dawa ya mchwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chombo chake, rudisha udongo. Kuni, maboksi na mbao zilizolala kwenye ukuta ziondoke.

Jambo moja linalosahaulika: milango mingi ya zamani mjini ni ya mninga iliyofunikwa na rangi ya mafuta. Mninga mchwa hawauwezi kirahisi. Piga msasa mlango wa mbele hadi ule wekundu wake utokee, upake vanishi mara mbili. Mnunuzi anayejua mbao ataushika kwa mkono kabla hujamkaribisha.

## Jikoni, chooni, maji na umeme

Jiko lina masizi ya mkaa na sakafu ina mawese. Vitatoka?

Masizi yanatoka kwa maji moto na sabuni ya unga. Anza kusugua kutoka chini kwenda juu, kwa sababu maji machafu yanayotiririka kwenye ukuta mkavu huacha michirizi migumu. Suuza, acha ukauke siku mbili, paka rangi ya mafuta ya kwanza kisha rangi ya kawaida. Ukiruka hatua ya mafuta, umanjano utarudi, kwa sababu ileile ya doa la darini.

Mawese kwenye sakafu ya saruji: nyunyiza jivu au pumba za mbao zinyonye usiku mzima, fagia, kisha sugua kwa maji moto na sabuni nyingi. Alama ya zamani sana haitatoka yote. Sakafu hiyo ipigwe rangi ya sakafu, au uichape upya kwa saruji laini.

Harufu ya dagaa imeganda stoo.

Toa kila gunia, na mkeka, na maboksi. Harufu inakaa kwenye vitu vinavyonyonya kuliko ukutani. Osha sakafu na rafu kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, acha mlango na dirisha wazi siku tatu. Manukato ya kupuliza usitumie: mnunuzi akinusa waridi juu ya dagaa anajua unaficha kitu. Wiki ya kuonyesha nyumba, dagaa na migebuka ya kukaanga ipikwe nje.

Choo kinanuka ingawa kinasafishwa kila siku.

Kama kuna bafu au choo kisichotumika, maji ya kwenye kona ya bomba yamekauka na hewa ya shimo inapanda. Mimina ndoo moja. Tatizo likiendelea, angalia bomba la kupumulia: je, lipo, na linafika juu ya paa? Kisha shimo lenyewe. Likiwa limejaa, agiza gari la kunyonya maji taka kabla ya kutangaza nyumba.

Ukoko wa manjano kwenye sinki la choo hutolewa na asidi ya chooni, mlango na dirisha vikiwa wazi na glovu mkononi. Usiichanganye kamwe na jiki. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, na chooni hakuna nafasi ya kuikimbia. Silikoni nyeusi ya ukutani ikate uweke mpya, ni kazi ya saa moja.

Maji ya bomba hutoka kwa mgao. Nifiche?

Mnunuzi wa hapa anajua habari za mgao, usijisumbue. Mwonyeshe namna nyumba inavyokabiliana nao. Tangi liwe limejaa, limeoshwa ndani, liko kwenye mnara usioyumba, na mabomba ya ndani yanatoa maji yakifunguliwa. Koki inayodondosha badilisha mpira wake. Weka bili za KUWASA (mamlaka ya maji ya Kigoma) za miezi ya karibuni karibu na karatasi nyingine.

Na umeme?

LUKU iwe na uniti za kutosha siku ya wageni. Balbu zote ziwake na ziwe za mwanga wa aina moja, maana nyeupe chumba hiki na njano chumba kile hufanya rangi ya ukuta ionekane imekosewa. Vifuniko vya swichi na soketi vilivyopasuka ni rahisi kubadilisha, tena vinaonekana kuliko unavyodhani. Waya zinazoning'inia darini azishughulikie fundi mwenye leseni.

Kodi ya jengo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, na kwa nyumba ya kawaida isiyo ghorofa ni shilingi 1,500 kwa mwezi tangu 2023. Kama nyumba ilikaa bila kununua umeme muda mrefu, malimbikizo yatakatwa mnunuzi atakaponunua uniti. Yamalize wewe.

## Fenicha na nafasi

Sebule imejaa. Nitoe nini?

Seti ya masofa ya watu saba ndiyo mwizi mkubwa wa nafasi. Acha moja refu na viti viwili, mengine yapeleke kwa ndugu. Kabati la vyombo likiwa linaziba dirisha, lisogezwe. Mtu aweze kutoka mlangoni hadi kila dirisha bila kupita kiubavu. Picha za ukoo, kalenda za miaka iliyopita na vitambaa vya juu ya televisheni viwekwe kwenye sanduku, si kwa sababu ni vibaya, bali mnunuzi anatakiwa ajione yeye hapo.

Nyavu za mbu za madirishani ni jambo dogo lenye faida kubwa. Zikijaa vumbi jekundu hula mwanga. Zifungue, zioshe kwa brashi na sabuni, zilizochanika zibadilishwe. Chumba hichohicho kitaonekana kimepigwa rangi.

Vyumba vya kulala?

Kitanda kimoja, shuka moja ya rangi tulivu, chandarua kimefungwa juu vizuri. Chini ya kitanda pawe patupu, kwani wageni huinama. Magunia ya mahindi na mabegi yasirundikwe chumba cha mwisho ukidhani hakitafunguliwa. Hicho ndicho huwa cha kwanza.

Nyumba ni tupu kabisa. Nikodi fenicha?

Si lazima. Azima meza na viti vinne vya sebuleni na kitanda kimoja kwa chumba kikubwa, ili mtu apime kwa macho. Zaidi ya hapo, nyumba tupu inadai uangalizi: ifunguliwe madirisha, ifagiliwe buibui, na maji yamiminwe vyooni kila wiki.

## Picha, wageni na dalali

Nipige picha saa ngapi?

Ziwa Tanganyika liko magharibi yetu. Mandhari ya ziwa ipigwe asubuhi, jua likiwa mgongoni kwako. Jioni jua linakuwa mbele ya kamera na nyumba inatoka kivuli kitupu. Mbele ya nyumba inayotazama mashariki nayo ni asubuhi, inayotazama magharibi ni alasiri.

Kati ya Julai na Septemba moshi wa mapori yanayochomwa na vumbi hufunika ziwa, hata milima ya Kongo haionekani. Ukiwa na nyumba Bangwe ambayo bei yake inategemea mandhari, piga picha siku inayofuata mvua na uzitunze hata miezi kadhaa.

Ndani: shika simu kwa ulalo, usawa wa kifua, simama konani, washa taa, futa kioo cha kamera. Funika choo. Picha 12 hadi 18 zinatosha, moja iwe ya njia ya kuingilia na nyingine ya uani. Namba ya mita, hati na nyuso za watoto zisionekane. Kwa mnunuzi aliyeko Dar es Salaam au nje ya nchi, ongeza video moja isiyokatwa, ukitembea polepole kutoka getini hadi nyuma, ukifungua bomba na kuwasha taa njiani.

Mnunuzi anakuja kesho. Nifanye nini siku yenyewe?

Piga deki mapema sakafu ikauke, fungua mapazia na madirisha, toa taka, funga mbwa. Fedha, vito na hati halisi viwe vimefungiwa. Mwenyeji awe mmoja anayejua nyumba na mwingine wa kutazama tu. Wakaribishe, wape maji ya kunywa, kisha waache watembee. Kumfuata mtu chumba kwa chumba ukimsifia marumaru kunamfanya aondoke haraka.

Niwape madalali wangapi?

Mmoja au wawili, kwa maandishi yenye asilimia yake na bei ya chini unayokubali. Nyumba ikitangazwa na madalali sita kwa bei sita, wanunuzi wanaanza kujiuliza ina kasoro gani. Picha wape wewe, wasipige za kwao usiku.

## Karatasi

Karatasi nazo ni sehemu ya maandalizi?

Ndiyo, na pengine ndiyo sehemu inayolipa zaidi. Bahasha moja iwe na nakala ya hati miliki, ofa (barua ya kumilikishwa kiwanja) au leseni ya makazi, risiti ya kodi ya pango la ardhi ya mwaka huu, ramani ya nyumba na kibali cha ujenzi kama vipo, na bili za maji. Alama za mipaka zifukuliwe zionekane. Mwenzi wako wa ndoa awe amekubali mapema, maana nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa yake chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971.

Risiti za matengenezo makubwa zihifadhi. Kodi ya faida kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, na gharama za kuboresha nyumba zenye ushahidi huingia kwenye hesabu. Fundi aliyelipwa bila risiti hakusaidii mbele ya TRA (mamlaka ya mapato).

## Hali za pekee

Nyumba ina wapangaji na vyumba vyao siwezi kuvipanga.

Waambie wenyewe kabla hawajasikia kwa dalali. Mkubaliane siku maalumu za wageni, taarifa itolewe angalau siku moja kabla, na uwapunguzie kodi kidogo kwa usumbufu. Tengeneza maeneo ya pamoja: choo, korido, uwanja, mahali pa kuanikia. Mnunuzi wa nyumba ya wapangaji anatafuta mapato, hivyo daftari la kodi lililonyooka linamvutia kuliko rangi.

Nauza boma ambalo halijaisha.

Usipige lipu ili lipendeze, kwa sababu mnunuzi wa boma anataka kuona tofali na nguzo. Fyeka majani, toa kifusi, panga tofali zilizobaki na uzifunike. Nondo zinazochomoza zipakwe saruji ya majimaji dhidi ya kutu. Vichwa vya kuta vilivyolowa mvua kwa miaka vikaguliwe, tofali zinazomeguka zitolewe. Picha za msingi na nondo zilizopigwa wakati wa ujenzi ziambatanishe na zile za sasa.

Nyumba iko karibu sana na ziwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo. Maji ya ziwa yalipanda mwaka 2020 na 2021, na wakazi wa ufukweni wanakumbuka. Pima umbali, andika alama ya juu kabisa maji yalipofika, na umwonyeshe mnunuzi. Atauliza majirani hata usiposema.

Mnunuzi ni mfanyabiashara kutoka Kongo au Burundi.

Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, asiye raia hamiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji kupitia utaratibu wa serikali. Akitaka kutumia jina la rafiki Mtanzania, achana nalo. Akichagua upangaji wa muda mrefu badala ya kununua, mkataba uandaliwe na wakili.

Ni nyumba ya urithi Ujiji, ya udongo, na ndugu ni wengi.

Usitumie hata shilingi kwenye rangi kabla mahakama haijateua msimamizi wa mirathi, kwa sababu bila yeye hakuna anayeweza kusaini mauzo. Baada ya hapo amua unachouza. Mara nyingi thamani iko kwenye kiwanja, na maandalizi ni kusafisha, kuonyesha mipaka na kuzuia paa lisianguke. Kuta za udongo zilizo imara zipakwe chokaa. Saruji juu ya udongo hupasuka na kubanduka kwa vipande, maana viwili hivyo havitanuki pamoja.

Kuna makaburi ya familia kwenye kiwanja.

Yaonyeshe siku ya kwanza, yakiwa yamefyekwa na kuzungushiwa mawe au uzio mfupi. Mkubaliane kwa maandishi kama kipande hicho kinabaki kwa familia, na njia ya kukifikia ipite wapi. Kuhamisha makaburi kunahitaji ruhusa ya mamlaka na ridhaa ya ukoo, hivyo mnunuzi asiahidiwe kabla ya kikao.